Tulimwita shujaa, jalada linasema aliua

Kwako Mwalimu,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 42, naishi Donholm na ninafanya kazi ya uhasibu mjini. Kwetu ni Machakos. Nina picha kwenye simu yangu ambazo kwa wiki tano sasa nimewaonyesha watu watatu tu, na kila mmoja wao amenipa jibu lililozidi kunivuruga.

Tangu utotoni, kila Desemba tulipokwenda nyumbani tulisimuliwa habari za baba wa babu yangu. Tuliambiwa kwamba mwaka 1938, Serikali ya Wazungu ilipokuwa ikiwanyang'anya Wakamba ng'ombe, yeye alifuatana na Muindi Mbingu, kiongozi wa Wakamba waliopinga jambo hilo, kwa miguu mpaka Nairobi kumwona Gavana. Akakamatwa, asirudi tena. Babu yangu wakati huo alikuwa mtoto wa miaka sita. Kaburi halipo, kwa hiyo hatujawahi kuwa na mahali pa kusimama tukamkumbuka. Mwanangu wa pili, ambaye sasa ana miaka 11, nilimpa jina lake. Mara ya kwanza kumleta mjini nilimpitisha makusudi barabara ya Muindi Mbingu, pale karibu na Soko la Jiji, nikamwambia, "Yule uliyepewa jina lake alitembea na mtu huyu."

Mwaka huu baba mkubwa alisema imetosha, lazima tumwekee jiwe la kumbukumbu. Litazinduliwa Siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba. Ukoo mzima umechanga. Maneno ya kuchongwa yameshapitishwa kwenye kundi letu la WhatsApp, na neno la kwanza ni SHUJAA. Kwa kuwa niko Nairobi, niliombwa nitafute karatasi yoyote yenye jina lake tuitie kwenye fremu. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda Makavazi ya Taifa pale Moi Avenue.

Siku mbili za kwanza sikupata kitu. Mafaili ya wilaya ya mwaka ule yamejaa ng'ombe: hesabu za ng'ombe, minada, barua za malalamiko. Jina lake halimo popote. Mzee mmoja anayefanya kazi pale, mtu mpole sana, akaniuliza kama nimetazama mafaili ya kesi za mauaji. Nikamwambia hapana, huyu alikuwa mfungwa wa siasa. Akasema, "Tazama tu, mama."

Mwalimu, lilikuwepo. Yeye na wanaume wengine watatu walishtakiwa kwa kumuua jirani, mwanamke wa makamo, mwanzoni mwa 1938. Walidai alikuwa mchawi na kwamba watoto wawili wa mmoja wao walikufa kwa sababu yake. Walimtoa nyumbani kwake jioni, wakampiga kwa marungu. Shahidi mmoja alisema aliyepiga kwanza ni baba wa babu yangu, na yeye mwenyewe ameandikwa akikubali. Mkewe, yaani mama yake babu, alisimama mbele ya jaji akasema mumewe alikuwa nyumbani usiku ule. Jaji hakumwamini. Jina la mama huyo lilipotokea pale kwenye karatasi ndipo nilipojua sijakosea mtu.

Wote wanne walihukumiwa kunyongwa. Baadaye Gavana akabadilisha adhabu ikawa kifungo na kazi ngumu. Karatasi ya mwisho ni barua kutoka gereza la Nairobi, mstari mmoja na nusu: mfungwa amefariki kwa nimonia, 1941. Nilirudisha jalada, nikavuka barabara, nikakaa karibu na sanamu ya Tom Mboya mpaka giza likaingia. Machozi hayakutoka.

Kaka yangu aliposoma alisema nifute picha zote na niseme sikupata kitu. Mume wangu anataka tu watoto wasijue kamwe. Mchungaji wetu alisema damu inalia, kwamba ndiyo maana biashara ya kaka ilianguka na mimi mimba zikaharibika mara mbili, na kwamba kuna sadaka maalumu ya kuvunja laana ya damu. Nilimpigia pia nyanya, tunayemwita susu, mke wa babu, ambaye sasa ana miaka 92. Sikumwambia nilichokiona. Nilimuuliza tu kama zamani tuligombana na watu wa ng'ambo ya mto. Alikaa kimya, kisha akasema, "Ya ng'ambo ya mto tulishayavuka. Umekula?"

Watu hao bado wapo. Tangu utotoni tulikatazwa kunywa maji kwao, tukiambiwa ni watu wenye mambo. Msichana mmoja wa boma lao nilisoma naye darasa moja miaka minane na sikuwahi kugawana naye chakula.

Niambie, Mwalimu. Nimzuie baba mkubwa asisimamishe jiwe? Nimsumbue susu katika umri wake? Mwanangu nimwambie nini kuhusu jina lake? Usiku nikimtazama amelala najiuliza nimempa nini.

Ni mimi,
Kitukuu, Donholm

*

Binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara nne. Nilifundisha historia katika shule za sekondari hapa Nairobi kwa miaka 31, na huo mwaka 1938 wa Ukambani nimewasimulia watoto wa watu hata sikumbuki mara ngapi. Pole. Ulikwenda kutafuta karatasi ya kutundika ukutani, na badala yake umebeba mzigo.

Kwa wasomaji wengine ambao huenda wakaingia pale makavazini kesho, niseme kwanza jambo moja fupi: majina Ukambani hurudi kila kizazi, na katika lokesheni moja mnaweza kuwa na wanaume kumi wenye jina moja na baba wa jina moja. Jina peke yake halitoshi. Tafuta jina la kijiji na la chifu, ukoo, jina la mke, na namba ya kipande, yaani kitambulisho cha kazi cha enzi ya ukoloni, ikiwa mtu huyo aliwahi kufanya kazi nje ya rizavu, eneo walilotengewa Waafrika, kwa kuwa tangu 1920 hivi mwanamume Mwafrika aliyetoka kwao kwenda kazini alilazimika kutembea na kipande, wengi wakikining'iniza shingoni ndani ya kikopo cha bati. Wewe umepata jina la mama yake babu. Ni yeye. Hapo sitakupa tumaini la uongo.

Ila jalada lenyewe nataka ulisome tena, polepole, ukijua lilivyotengenezwa. Baba wa babu yako hakusema neno lolote la yale uliyoyapiga picha. Alizungumza Kikamba. Mkalimani akayageuza, na mara nyingi safari hiyo ilipitia Kiswahili kabla ya kufika Kiingereza, kisha jaji akaandika kwa mkono kile alichoona kina uzito. Kwa hiyo pale penye sentensi fupi ya Kiingereza inayosema nilipiga wa kwanza, huenda mtu alizungumza robo saa nzima. Tazama pia ukurasa wenye maoni ya wazee wa baraza. Katika kesi ya mauaji ya Mwafrika jaji alikaa na wazee waliotoa maoni yao, lakini hakulazimika kuyafuata. Mzungu aliyeshtakiwa katika koloni hilohilo alipewa baraza la Wazungu wenzake, na uamuzi wao ulikuwa na nguvu. Baada ya hukumu ya kifo, jaji alimwandikia Gavana ripoti, na maofisa nao wakatoa maoni yao kuhusu mfungwa na desturi za kwao. Karatasi hizo kama zimesalia, zitafute. Mara nyingi humo ndimo mtu anapoonekana kama mtu.

Sikuelezi haya ili umwondolee hatia. Mwanamke alitolewa nyumbani kwake jioni akauawa kwa marungu, na hakuna mkalimani anayeweza kuligeuza hilo.

Utakutana na neno king'ole, kama hujakutana nalo bado. Ndiyo desturi ya zamani ya Wakamba ambapo wazee walikubaliana kumuua mtu aliyeonekana ni hatari kwa wote, hasa aliyesemwa kuwa mchawi au mwizi sugu. Watu walimpiga kwa pamoja ili pasiwe na mkono mmoja unaobeba damu. Kuna watakaokuambia hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kwetu, kwa hiyo baba wa babu yako hakuua bali alitekeleza hukumu. Usilipokee haraka. Kwanza, king'ole haikuwa kazi ya wanaume wanne wenye msiba jioni. Ilitaka baraza la wazee, na hata ridhaa ya ndugu wa karibu wa anayeshtakiwa. Pili, mwaka 1932, miaka sita tu kabla, mahakama ya juu ya koloni iliwahukumu Wakamba 60 kunyongwa kwa mara moja kwa kumuua mwanamke waliyeamini amemroga mke wa mwenzao. Hawakunyongwa, Gavana aliwabadilishia adhabu. Lakini kesi ya watu sitini haifichiki. Siamini kwamba mwaka 1938 kulikuwa na mtu mzima Machakos asiyejua kwamba Serikali huita jambo hilo mauaji. Walijua, wakamwendea.

Sasa nikuambie kilichonifanya niisome barua yako mara nne.

Barua ilipofika ilikuwa na majina. Uliandika la baba wa babu, la mkewe, la babu, la baba mkubwa, la kaka, la mwanao, la mchungaji, la susu, hata la yule mzee mpole wa makavazi. Nimeyaondoa yote kama ilivyo desturi ya safu hii. Jina moja sikuhitaji kuliondoa kwa sababu hukuliandika mahali popote. Uliandika "jirani". Uliandika "mwanamke wa makamo". Huyo ndiye aliyeuawa, binti yangu. Jina lake limo katika jalada hilo, tena nina hakika limeandikwa mara nyingi kuliko la baba wa babu yako, kwa sababu kesi ya mauaji huanza na marehemu: ni nani, alionekanaje, nani aliutambua mwili. Umepiga picha za kurasa zenye jina lake, ukazisoma wiki tano, na jina halikukushika.

Sikulaumu. Wewe ni wa nyumba ile, na macho hutafuta wa kwao. Lakini rudi ulitafute, uliandike kwenye karatasi. Ujue alikuwa mke wa nani, aliacha watoto wangapi, mdogo alikuwa na umri gani usiku ule. Mpaka hapo utakuwa unaniuliza habari ya jiwe na habari ya laana, na mimi sioni kwamba hilo ndilo swali kubwa.

Swali kubwa umeliweka mwishoni, kama kitu cha kupita njia: watu wa ng'ambo ya mto, msinywe maji kwao, ni watu wenye mambo.

Hebu tazama kila nyumba ilirithi nini. Kwenu kulikuwa na muuaji, na watoto wakapewa shujaa. Kwao kulikuwa na mama aliyeuawa, na watoto wakapewa uchawi. Hakuna mahakama iliyomkuta na kosa lolote. Waliohukumiwa ni wale wanne. Lakini hukumu ya wale wanne ilisahaulika ndani ya kizazi kimoja, na tuhuma dhidi yake imedumu zaidi ya miaka themanini, mpaka ikamfikia msichana aliyeketi darasani karibu nawe akila chakula chake peke yake. Miaka minane! Huyo huenda ni kitukuu wake, kama wewe ulivyo kitukuu wa yule mwingine.

Wala mambo haya si ya zamani tu. Oktoba 2021 kule Marani, Kisii, wanawake wanne wazee walichomwa moto kwa tuhuma hizohizo. Kilifi wazee wanaogopa mvi zao wenyewe, na mara nyingi ukichunguza unakuta palikuwa na shamba linalotamaniwa. Kila neno "wenye mambo" linalotamkwa mbele ya mtoto ni kuni. Kwa hiyo kaka anaposema futa picha, mwambie hapana. Umepata ushahidi kwamba bibi wa watu alisingiziwa. Ukiufuta, wao ndio watakaopoteza tena.

Kuhusu susu. "Ya ng'ambo ya mto tulishayavuka. Umekula?" Anajua, binti yangu. Aliolewa katika boma lile, akaishi na mama mkwe aliyesimama mbele ya jaji kumtetea mumewe akaambiwa ni mwongo. Humsumbui kwa kumletea habari. Labda amekuwa akiibeba tangu kabla baba yako hajazaliwa. Lakini usimwendee na simu mkononi. Panda gari la Machakos Jumamosi, ulale huko. Ni msimu wa mbaazi. Kaa naye chini mchambue. Usimuulize habari za yule mwanamume. Muulize, "Susu, mama mkwe wako alikuwa mtu wa namna gani?" Hapo ndipo mlango ulipo, kwa sababu hadithi ya Muindi Mbingu nadhani ilianzia kwa mama huyo.

Mfikirie. Mume amechukuliwa, ana mtoto wa miaka sita anayeuliza kila jioni baba yuko wapi. Mwaka huohuo watu wa Machakos wanatembea kwa miguu mpaka Nairobi, wanalala nje majuma kadhaa wakidai mifugo yao, Muindi Mbingu anakamatwa na kupelekwa Lamu. Ukambani kote ni habari hiyo. Mama akamwambia mtoto: baba yako yuko Nairobi, amefungwa na Wazungu. Hakudanganya neno hata moja! Alikuwa Nairobi na alikuwa amefungwa na Wazungu. Yaliyobaki mtoto aliyajaza mwenyewe, na akiwa mzee akawasimulia ninyi kwa moyo mweupe. Nikimwona mama huyo siwezi kumhukumu. Alitaka mwanawe ainue kichwa.

Na susu akikataa kusema, mwache. Huenda wazee wa pande mbili waliwahi kukutana wakala kiapo cha kunyamaza ili damu isiendelee kumwagika, na kama kiapo chenyewe kilikuwa kithitu, kile kiapo kizito cha Wakamba, yeye anaamini kwamba anayekivunja hufa. Wewe wa Donholm unaweza usiamini. Yeye ana miaka 92 na ameishi na imani hiyo. Mheshimu, mkumbatie, kula alichopika, urudi.

Baba mkubwa ni tofauti. Yeye ni lazima ajue, na ajue kabla ya Oktoba. Usiandike kitu kwenye kundi la WhatsApp, hata kidokezo. Wala usimtumie picha. Mwite Nairobi, mpokee pale stendi ya mabasi ya Machakos hapa mjini, mnunulie chai, kisha mpeleke Moi Avenue. Aje na kitambulisho chake, alipe ada ndogo ya chumba cha wasomaji, aliitishe jalada kwa jina lake mwenyewe, alishike. Ni baba wa babake. Ana haki ya kuambiwa na karatasi yenyewe, si na mtoto wa ndugu yake mbele ya watu. Keti kando yake na usiseme kitu mpaka aseme yeye.

Atakasirika. Huenda akasema karatasi za mkoloni ni uongo. Mkubalie kwamba mkoloni alisema uongo mwingi, maana ni kweli, kisha mwonyeshe ushahidi wa mama yake babu. Huyo hakuwa mkoloni. Hakusema mwanamke yule hakuuawa. Alisema mumewe alikuwa nyumbani.

Jiwe lisimame, mimi sina neno. Mtu aliyekufa gerezani akazikwa na serikali bila ndugu kuitwa anastahili mahali ambapo watoto wake watasema jina lake. Lisomeke jina na mwaka aliofariki, 1941, ambao mpaka juzi hamkuujua. Neno SHUJAA liondoke, na siku ya kuzindua isiwe Siku ya Mashujaa. Hilo ningelipigania hata nikiwa peke yangu katika ukoo mzima. Kuna wanaume na wanawake walioacha mashamba yao mwaka 1938 wakatembea kweli mpaka Nairobi, wakalala nje, wakakataa kuondoka, na Serikali ikalazimika kuacha kuwanyang'anya ng'ombe kwa nguvu. Wengi wao hawana jiwe. Heshima yao si ya kugawiwa mtu aliyekuwa gerezani kwa kumuua jirani yake.

Sadaka ya kuvunja laana usitoe. Mimba kuharibika ni huzuni ambayo daktari anaweza kuichunguza, na biashara ya kaka yako haikuanguka kwa sababu ya 1938. Kama moyo unakuambia kuna deni, basi ninyi wenyewe mmeshaniambia wadai wanaishi wapi, na si kanisani.

Mwanao ana miaka 11. Usimkalishe chini umsomee jalada. Acha kwanza kumsimulia hadithi ya kutembea na Muindi Mbingu. Akikuuliza mbona huisimulii tena, mwambie umegundua haikuwa hivyo na kwamba unaendelea kutafuta. Mtoto wa umri huo anaweza kuishi na jibu hilo. Akifika kidato cha pili au cha tatu, mpeleke naye Moi Avenue. Jina msimbadilishe. Amelibeba miaka 11 bila kumdhuru mtu; sasa ni lake.

Nimebaki na ng'ambo ya mto.

Usiende kubisha hodi na karatasi za kesi. Kabla ya yote soma tena orodha ya mashahidi. Nilikuambia king'ole ilitaka ridhaa ya ndugu wa karibu; wale wanne huenda walikwenda kutafuta ridhaa hiyo, na huenda kuna shemeji au kaka wa marehemu aliyesema kitu au aliyenyamaza. Kama limo, hilo ni jeraha la nyumba yao, nao ndio wenye haki ya kuamua kulifungua. Jalada si siri, ni la miaka mingi, mtu yeyote anaweza kuliitisha. Siku moja utawaambia lipo na namba yake. Lakini maneno hayo yapitie kwa wazee wa pande mbili, baada ya baba mkubwa kuwa pamoja nawe, na mwanzo wake uwe kuuliza kama wanataka kusikia.

Wewe una kazi ndogo ambayo haihitaji mzee wala kikao. Jumamosi hiyohiyo, ukishachambua mbaazi na susu, vuka mto. Yule uliyesoma naye kama hayuko, mama yake yuko, shangazi yake yuko. Nenda mchana, watu wakiona, na mwanao akiwa nawe. Salimia, sema tu kwamba ulisoma na binti yao na umekuja kuwaamkua. Wakikukaribisha, keti. Wakikupa maji, kunywa, na mwanao anywe. Wakileta chai, imalizeni. Kijiji kitakuwa na habari hiyo kabla hamjavuka kurudi, na susu ataisikia pia, naye labda ataona sasa anaweza kuzungumza.

Kisha niandikie. Na safari hii niandikie jina la yule mama. Sitalichapisha hapa. Ninataka tu kulijua.

Mwalimu wako